UCHOVU WA MWALIMU SI UGONJWA, NI DENI

Ndugu walimu, na ndugu wafanyakazi wa kazi nyingine msomao karatasi hii,

Muhula uliopita tuliitwa semina. Mgeni alikuja kutoka mjini, mtu mwenye adabu na maneno mazuri, akatufundisha namna ya kupumzika. Alituambia tuvute pumzi polepole. Alituambia tunywe maji mengi, tulale usingizi wa kutosha, tutembee kidogo jioni kwa ajili ya afya, na tusiyaweke mambo ya kazi moyoni. Alipokwisha alitugawia fomu ya kujaza, ili ijulikane kama tumefaidika.

Hatuna ugomvi na mgeni yule. Alitumwa. Lakini twauliza: maji yapi? Kiangazi kikipamba moto huku kwetu maji huja kwa punda, na kila mtungi una bei yake. Kutembea jioni? Mwenzetu mmoja aliyekaa nyuma ya chumba hutembea kwenda shuleni na kurudi kila siku, na jioni anatembea upesi kwa kuwa fisi nao wana saa zao za kuanza kazi. Alicheka peke yake, kisha akanyamaza. Tulitoka pale tumeelewa jambo moja tu: tumeambiwa kwamba ugonjwa ni wetu na dawa ni juu yetu.

Hilo ndilo tunalolikataa leo, na twataka kila mwanachama ajue kwa nini.

KAZI ISIYOANDIKWA

Kwa ndugu wasiopajua, Oltepesi iko kwenye barabara ya Magadi, ukishapita Kiserian na Kisamis, kabla ya kufika Olorgesailie. Jina lenyewe ni la mti wa mgunga kwa Kimaasai. Nchi ni kavu na maboma ya wafugaji yametawanyika. Kutoka Nairobi si mbali kwa mtu mwenye gari, na labda ndiyo sababu wakubwa hawaamini kwamba huku ni shamba. Wangekaa wiki moja tu bila gari wangeamini.

Mwalimu wa shule za huku huamka kabla ya alfajiri. Ikiwa shule ina madarasa sita na walimu wanne, yeye huandika zoezi ubaoni katika darasa moja, akakimbilia la pili, akasikia kelele za lile la kwanza, akarudi. Mtoto wa darasa la kwanza ajua Kimaasai tu, na mwalimu ametoka Kisii au Machakos, kwa hiyo hufundisha kwa mikono na macho mpaka mtoto mkubwa aitwe kutafsiri. Adhuhuri yeye ndiye mwenye ufunguo wa stoo na mpimaji wa maharagwe. Mtoto akianguka kwa njaa, yeye ndiye muuguzi. Binti akikosekana siku tatu, na habari zikaja kwamba ng'ombe wa mahari wamekwisha kuonekana, yeye ndiye afisa wa watoto, ndiye polisi, ndiye mpatanishi. Jioni ile ile atapita mbele ya boma lile lile, peke yake.

Jambo la mabinti si hadithi. Bibi Priscilla Nangurai, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya AIC Kajiado, alijulikana hata ng'ambo kwa kuwaokoa wasichana na ndoa za utotoni na kuwarudisha masomoni. Twamheshimu, na wengi wetu twafuata nyayo zake kadiri tuwezavyo. Lakini angalieni: watu wote humpigia makofi mwalimu afanyaye hivyo, wala hakuna aulizaye kazi hiyo iliandikwa wapi katika barua yake ya ajira, na nani alifundisha darasa lake siku alipokwenda kituo cha polisi.

Usiku ukiingia, kazi ya shule haijakwisha. Kuna madaftari ya kusahihisha, kuna masomo ya kesho, na kuna fomu za tathmini ya utendaji zilizoletwa mwaka 2016, zijazwazo kwa intaneti. Mahali ambapo mtandao haushiki, mwalimu hupanda kilima na simu yake, kwa fedha yake, kwenda kuiambia Tume kwamba yuko kazini.

Wala msifikiri twasema ya Oltepesi kwa sababu ni mbali. Nenda Kitengela, upande wa pili wa kaunti hii hii, kwenye barabara ya Namanga, mji uliofurika watu kwa muda mfupi. Mwalimu wa Oltepesi ana madarasa mawili kwa mwalimu mmoja. Mwalimu wa Kitengela ana darasa moja lenye watoto wa kutosha madarasa mawili. Wanaotaka kutugawanya husema huyu wa mjini amestarehe na yule wa porini analia kwa ajili ya posho. Hesabu ni ile ile.

Tuifanye hesabu. Darasa la watoto 60, kila daftari dakika 3, ni dakika 180, yaani saa 3, kwa zoezi moja la somo moja. Mwenye mazoezi matatu siku hiyo ana kazi ya saa 9 baada ya kengele ya mwisho. Haiwezekani. Basi huchagua: ama asahihishe nusu, ama apige alama ya vyema bila kusoma, ama asilale. Yote matatu ni hasara. Mbili za kwanza mkaguzi huziona na kuziandika, lakini hiyo ya tatu haina mahali katika fomu yoyote.

NI JAMBO LA KAZINI

Mwaka 1974 mtaalamu wa saikolojia huko New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya watu waliokuwa wakifanya kazi ya kujitolea katika zahanati ya bure, naye mwenyewe akiwa mmoja wao. Aliwaona wakizimika mmoja mmoja kama karabai iliyokwisha mafuta. Waliozimika upesi hawakuwa wavivu. Walikuwa ni wale waliojitoa zaidi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni likaliingiza jambo hili katika orodha yake kuu ya mambo ya afya, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Nalo lilisema wazi kwamba si ugonjwa. Ni jambo la kazini, litokanalo na mkazo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Dalili zake ni tatu: nguvu kumwishia mtu, moyo wake kujitenga na kazi hata aidharau, na kuona kwamba afanyayo hayazai matunda.

Ndugu, yasomeni maneno hayo mara ya pili. Mkazo ambao haukushughulikiwa. Nani ashughulikie mambo ya kazini? Je, ni mchovu mwenyewe, kwa kuvuta pumzi? Mashine ya kiwanda ikichakaa kwa kuendeshwa usiku na mchana bila mafuta, hakuna aiitaye mashine semina. Huitwa mwenye kiwanda, aulizwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake kazini, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya masharti ya kazi yanayofaa. Haikuandikwa humo kwamba mwalimu asihesabiwe.

NENO “WITO”

Hapa twajua tutajibiwa, na baadhi ya watakaotujibu ni wazee wetu wenyewe katika chama. Watasema ualimu ni wito. Watasema wao walifundisha chini ya mti na hawakulalamika.

Wazee wetu, shikamooni. Twawaheshimu, lakini hatukubali. Mliofundisha chini ya mti mlilalamika sana, na ndiyo sababu tuna chama leo. Zamani za ukoloni mwalimu huyu aliajiriwa na misheni, yule na halmashauri ya wilaya, kila mmoja na masharti yake, na wote wakiambiwa kazi yao ni wito. Walichoka na neno hilo wakaunda Chama cha Kitaifa cha Walimu wa Kenya mwezi wa Desemba 1957. Waligoma, wakadai mwajiri mmoja kwa walimu wote, na mwaka 1967 Tume ya Kuajiri Walimu ikaanzishwa. Wangeridhika na wito, Tume isingekuwapo.

Wito ni kitu cha mtu na moyo wake. Mwajiri akianza kulitumia neno hilo, jihadharini, kwani mara nyingi ana maana ya kazi isiyolipwa. Daktari ana wito, rubani apenda ndege yake, lakini hakuna abiria akubaliye kurushwa na rubani asiyelala siku tatu kwa sababu ya wito. Mtoto wa Oltepesi naye ni abiria.

Na twaseme jambo la aibu, maana tusipolisema sisi watalisema adui zetu. Mwalimu aliyeishiwa nguvu huwa mwalimu mbaya. Mkono wake huifuata fimbo upesi. Viboko vilipigwa marufuku mashuleni mwaka 2001, nasi twaliunga mkono katazo hilo. Hata hivyo tumemwona mwenzetu, mtu mpole tuliyemjua miaka mingi, akimpiga mtoto kwa kosa la kuuliza swali mara mbili. Alipomaliza alitoka nje akakaa chini ya mti, akalia. Hatumtetei. Mtoto yule hakukosa lolote, na maumivu yake hayapunguzwi na uchovu wa mtu. Twasema tu kwamba asiyetaka kuhesabu saa za mwalimu atakuja kuhesabu machozi ya watoto. Wengine wetu hawapigi, hunywa. Wengine hawanywi, huja shuleni wakakaa kama gunia, wakingoja mwisho wa mwezi.

KAZI ILIVYOZIDI

Haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Januari 2003 elimu ya msingi ilifanywa bure, na watoto mashuleni wakazidi kutoka kama milioni 5.9 hadi kupita milioni 7 kwa muda mfupi. Tulishangilia, na hata leo twashangilia. Lakini watoto waliongezwa kwa tangazo, na walimu hawakuongezwa kwa kadiri ile. Mwaka 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya Korona. Zilipofunguliwa, mihula ilibanwa na likizo kukatwa, mpaka kalenda ilipokaa sawa tena Januari 2023. Katikati ya miaka hiyo ulikuja ukame, mvua zikakosa misimu mitano mfululizo. Huku Kajiado ng'ombe walikufa, wavulana walifuata mifugo, na waliobaki walikuja shuleni kwa ajili ya chakula kwanza na masomo baadaye. Mwalimu aliyaona hayo yote huku akihimizwa amalize silabasi.

Januari 2023 ndipo shule ya sekondari msingi ilipoanza ndani ya shule zetu za msingi. Shule nyingi za mashambani zilianza na mwalimu mmoja kwa masomo yote, masomo zaidi ya kumi, mpaka yalipopunguzwa kuwa tisa mwaka uliofuata. Na mwalimu huyo mara nyingi alikuwa mwanagenzi, mwenye digrii na namba ya Tume, akipokea mkononi kama shilingi 17,000 kwa mwezi. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilisema kumweka mwalimu aliyehitimu na kusajiliwa katika unagenzi ni kuvunja haki yake ya kazi. Mwezi wa Mei vijana hao waliacha kazi na kuingia barabarani. Januari 2025 kama 46,000 wakapata ajira ya kudumu. Hongera zao, kwani walifungua mlango kwa umoja wao. Lakini mwezi huo huo wanagenzi wapya 20,000 waliingizwa kwa masharti yale ya zamani. Mlango ulifunguliwa, ukafungwa nyuma yao.

KOSA LETU SISI

Sasa tugeukie chama, maana mtu hachelei kuosha uso wake mwenyewe. Tumepigania shilingi kwa ushujaa. Mwaka 1997 tuligoma, tukaahidiwa nyongeza mpaka 200 kwa mia, na mwaka 1998 ilitubidi kugoma tena kwa sababu ya ahadi ile ile. Mwaka 2015 mahakama ilitupa 50 hadi 60 kwa mia, tukagoma wiki tano tuipate, na Novemba Mahakama ya Rufani ikaifuta. Julai 2025 mapatano mapya ya miaka minne yalitiwa sahihi, ya shilingi bilioni 33.8. Fedha ni haki yetu na tutazidi kuzidai.

Lakini katika safari hiyo yote, nani alirudi huku barabara ya Magadi akatuambia kwamba saa zetu zimehesabiwa? Twapandishiwa mshahara kidogo mlangoni, na kazi inaongezwa kupitia dirishani. Mtu aliyeongezwa kumi kwa mia ya fedha na thelathini kwa mia ya kazi hakuongezwa kitu. Amepunguzwa.

Wafanyakazi wenzetu walilijua jambo hili zamani. Mapatano ya kwanza kabisa ya Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1919, hayakuwa ya mshahara. Yalikuwa ya saa: 8 kwa siku viwandani. Hapa Kenya amri ya jumla ya mishahara yasema wiki ya kawaida ya mfanyakazi ni saa 52, na zikizidi hulipwa moja na nusu. Na walimu nao hawakusahauliwa ulimwenguni. Tarehe 5 Oktoba 1966, huko Paris, ulipitishwa waraka mkubwa juu ya hali ya walimu, wa Shirika la Kazi Duniani pamoja na UNESCO. Wasema saa za kazi za mwalimu ziwekwe kwa kushauriana na vyama vya walimu, zikihesabiwa idadi ya wanafunzi, wakati wa kutayarisha na kusahihisha, na kazi zote nyingine anazopewa. Wasema pia walimu wa mashambani na mahali pa mbali wapewe nyumba za heshima. Kila mwaka tarehe hiyo twaimba na kukata keki ya Siku ya Walimu Duniani. Mwaka huu tuache keki, tuusome waraka.

TUFANYE NINI

Twaleta mbele ya mkutano wa tawi shauri hili. Kila mwalimu anunue daftari moja dogo. Kwa wiki nne aandike kila siku saa zake katika safu nne: kufundisha, kutayarisha na kusahihisha, fomu na ripoti, na kazi nyingine, yaani chakula, maji, wagonjwa, mabinti, mikutano. Asiandike jina, aandike shule ya aina gani na watoto wangapi. Asitie chumvi. Daftari zikusanywe na wajumbe wetu na zijumlishwe. Mabwana wa fedha hawaogopi machozi yetu, wanaogopa hesabu.

Hesabu hiyo ikipatikana, twataka viongozi wetu waende mezani na madai haya:

1. Saa za kazi za mwalimu ziandikwe katika mapatano, na kila saa iliyozidi ilipwe au irudishwe kwa mapumziko.

2. Nafasi zilizo wazi zijazwe kwa ajira kamili, mahali penye shida kwanza. Tume yenyewe imekiri mara nyingi kwamba nchi ina upungufu wa makumi ya maelfu ya walimu. Asionekane mwalimu mmoja mbele ya madarasa mawili.

3. Ikiletwa fomu mpya, ya zamani iondolewe. Chakula cha watoto kiwe na mtu wake wa kukitunza.

4. Mwalimu wa mahali pagumu apewe nyumba yenye maji, na akiisha kutumikia miaka iliyokubaliwa awe na haki ya kuhama akitaka.

Watasema hakuna fedha. Twajibu kwamba fedha inalipwa hata sasa, ila analipa mwalimu, kwa usingizi wake, na mtoto, kwa somo alilokosa. Watasema walimu wana likizo ndefu. Watuulize zilikwenda wapi mwaka 2021 na 2022. Watasema tunawatupa watoto. Hilo ndilo hasa linalotuuma, maana wengi wetu tumebaki huku kwa ajili yao. Lakini anayempenda mtoto humtafutia mwalimu aliye hai, mwenye nguvu ya kumsikiliza akiuliza swali mara ya pili.

Mwenzetu yule aliyelia chini ya mti bado anafundisha. Yuko miongoni mwetu, na daftari la kwanza litakuwa lake. Tusimwache aandike peke yake.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi,
Sisi walimu wa upande wa barabara ya Magadi